Besi Kipara na Laki Nne za Mdogo Wangu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho kuandika hapa ilikuwa kabla ya wiki ya test, nikaahidi nitarudi baada ya siku tatu, leo tunaingia wiki ya saba. Mnisamehe bure. Sababu ninazo, na moja mmeisikia kwa masikio yenu kama mnakaa floo yetu: ile sauti iliyokuwa inalia kuanzia saa tatu usiku mpaka yule jamaa wa sheria agonge ukuta. Wengine mlisema ni paka. Kuna mmoja akasema kuna mtu kaachwa. Ni mimi jamani. Nilikuwa natafuta noti.

Ngoja nianze mwanzo. Mnaonijua mnajua napiga besi. Nilianzia kanisani nikiwa kidato cha pili, na tangu mwaka wa kwanza hapa chuo napiga kwenye maharusi na kwenye bendi za washkaji. Besi yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa ya kwaya, naichukua Ijumaa naitunza kama yai halafu Jumapili nairudisha. Hela ya maharusi ndiyo inanisogeza bumu likikata. Nikikosa shoo mbili kwa mwezi, mama ntilie wa getini anaanza kuniita kwa jina kamili.

Sasa mwezi wa pili mwaka huu jamaa mmoja akanipeleka kwenye kikundi kidogo cha taarabu ya asili, Kinondoni. Ni wazee watupu, mimi ndiye mtoto. Kuna udi, fidla mbili, ganuni, dumbaki, na mwanamama mmoja anayeimba mpaka unasahau una assignment. Mazoezi ni Jumamosi uani kwa Mzee wa fidla, mtu wa Unguja, anaongea taratibu na hakosoi mtu mbele za watu. Zamani walikuwa na mpigaji wa lile besi kubwa la kusimama, kama yale ya vikundi vikongwe vya Unguja, Ikhwani Safaa ya mwaka 1905 au Culture Musical Club ya 1958. Mpigaji wao alizeeka akarudi kwao na besi lake. Ndipo nikaingia mimi na besi ya kwaya.

Wiki ya kwanza poa. Wiki ya pili poa. Wiki ya tatu tukapiga wimbo ulio kwenye rasti, na hapo ndipo nilipogundua sijui kitu.

Iko hivi. Gitaa letu la kawaida lina freti, yale mataruma ya chuma yanayokatiza shingo. Ukibonyeza kati ya freti na freti, noti inakuja yenyewe, ile ile kila siku, hata kama umelala. Umbali kati ya noti moja na inayofuata ni nusu toni, na wanaopima kwa hesabu wanaigawa nusu toni senti 100. Lakini rasti ukiianzia C, noti yake ya tatu siyo E ya kinanda na wala siyo E flati. Iko katikati pale. Robo toni. Udi hauna freti, fidla haina freti, kwa hiyo wazee wanaikalia noti yao raha mustarehe. Mimi kwenye besi yangu sina hiyo noti. Ninayo ya juu yake na ya chini yake. Nikipiga ya juu inagombana na fidla, nikipiga ya chini inagombana na udi na fidla na mwimbaji ananigeukia.

Nikaanza kuikwepa. Kila tukifika pale naruka, narudi C, najificha. Nilidhani hawajui. Jumamosi moja baada ya mazoezi Mzee akaniita pembeni.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Nyumba hii ina ngazi saba. Wewe wapanda tano, mbili waziruka. Kwa nini?"

Nikajieleza, freti na nini na nini. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi chombo chako kina uzio. Tafuta kisicho na uzio." Kisha akaniambia tuna harusi Bagamoyo mwishoni mwa mwezi wa nane, ya mjukuu wa rafiki yake, na mzee huyo rafiki yake anasikia kila kitu. Nikishindwa hakuna ubaya, watamwita mpigaji mwingine kutoka Unguja. Alisema kwa upole kabisa. Nilipanda daladala nikashuka kituo kisicho changu.

Kwa wasiojua, besi isiyo na freti ipo na siyo ngeni. Fender walipotoa besi yao ya umeme mwaka 1951 waliiita Precision kwa sababu freti zilimpa mpigaji uhakika wa noti, tofauti na besi la kusimama. Mwaka 1966 Ampeg wakatoa ya kiwandani isiyo na freti, AUB-1, na Fender wenyewe wakafuata mwaka 1970. Aliyeifanya dunia nzima igeuke ni Jaco Pastorius, Mmarekani wa Florida. Alikuwa na Fender Jazz Bass ya mwaka 1962, iking'olewa freti, nafasi zake zikajazwa, na ubao ukapakwa epoksi ya boti ili nyuzi zisiule. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1976. Na kama unadhani ni mambo ya jazi tu, sikiliza besi ya Bakithi Kumalo wa Soweto kwenye albamu ya Graceland ya Paul Simon, 1986. Hiyo ni besi isiyo na freti, na inacheka. Mshkaji wangu wa room alipoona picha akasema, "Kumbe besi kipara." Jina likabaki.

Haya, hela. Hapa ndipo penyewe.

Nilikuwa na laki tisa kwenye simu. Miaka miwili ya maharusi hiyo, shilingi kwa shilingi. Lakini laki nne kati ya hizo zilikuwa na mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule iko Iringa, sisi kwetu Morogoro. Ada ya kidato cha tano na sita serikali iliifuta mwaka 2022, sawa, ila godoro, sanduku, sare, sweta (Iringa ile), madaftari, michango na nauli havijafutwa na mtu. Mama nilimwambia tangu mwezi wa nne, "Usihangaike, hilo nimelibeba." Aliitikia tu, "Mungu akuweke." Kwa hiyo besi ilikuwa na laki tano, basi.

Nikaenda Kariakoo. Duka silitaji. Nikaingia, nikaiona, nikachoka. Nyuzi tano, inang'aa kama gari la bwana harusi, mbao juu ina mistari ya rangi ya asali, shingo nyeusi tii haina hata alama. Muuzaji akaichomeka kwenye spika kubwa akanipa. Wadau, noti ya kwanza tu ikasema mwaaaa mpaka kwenye mbavu. Bei milioni moja na elfu hamsini. Nikamwambia sina. Akasema lete laki na nusu niishikilie, nyingine ndani ya wiki.

Nikatoa. Sijui nilikuwa nawaza nini. Au nijisemee ukweli, najua. Nilipiga hesabu pale pale: nimebaki na laki saba na nusu, mshkaji wa room ananikopesha laki na nusu, jumla laki tisa, kwisha kazi. Na dogo? Dogo nitamtumia bumu likitoka. Nyie mnalijua bumu. Tangu lini mtu akapanga safari ya mtoto wa watu kwa bumu?

Usiku ule sikulala. Siyo kwa furaha.

Kesho yake Ijumaa nikamtafuta kaka mmoja anayepiga besi kwenye bendi ya hoteli huko Msasani. Ana kipara chake, kazi ya Japani, ubao wa ebony, kakaa nacho miaka mingi. Nilitaka tu anipongeze. Badala yake akaniuliza, "Uliipiga bila umeme?"

Nikasema hapana, niliikuta imechomekwa.

"Basi hujaisikia. Umesikia betri."

Akanikalisha nyuma ya jukwaa kwa saa nzima kabla ya shoo yake, na nililoambiwa nawapa bure, kwa sababu wapo humu wanaopiga au watakaopiga.

Kwanza, ipige kavu. Weka sikio kwenye pembe ya juu ya kiwiliwili, piga noti moja iache iishe yenyewe. Mbao nzuri utaisikia kwenye taya. Kama kavu haisemi kitu, umeme utaikuza tu, hautaipa roho. Besi nyingi mpya zina mtambo ndani unaotumia betri ya volti 9 kuongeza besi na treble. Siyo vibaya, ila uzime kama unazimika, ukaisikie bila poda.

Pili, ile mwaaa inatoka wapi? Ukibonyeza uzi pasipo freti, uzi unalala kwenye mbao, na ukitetemeka unaigusagusa mbao mbele ya kidole chako kwa mbali sana. Ule mguso ndio sauti yenyewe. Kwa hiyo ubao ukiwa na mabonde hata ya unywele, mahali pengine italia na pengine itakoroma au itakufa. Nyuzi zikikaa juu sana, haigusi kabisa, unapata du, du, kama ngoma. Ndiyo maana unatakiwa utembee noti zote, uzi mmoja mmoja, kuanzia juu mpaka mwisho, polepole, bila kupiga wimbo wowote. Wimbo unakudanganya kwa sababu unazipita noti mbovu haraka. Muuzaji akikuharakisha, jua anazijua zilipo.

Tatu, chungulia shingo kama unavyochungulia mbao kwa fundi seremala, jicho moja, kutoka kichwani kwenda kwenye daraja. Iwe karibu kunyooka kabisa, na mbonyeo kidogo sana. Kama imejipinda kama feni, kimbia. Mbonyeo wa mbele au nyuma unarekebishika kwa chuma kilichomo ndani ya shingo, msokoto haurekebishiki.

Nne, alama. Kuna zenye mistari mahali freti zingekuwa, na kuna tupu kabisa. Usione aibu kuchukua ya mistari, hata wakubwa wanatumia. Lakini angalia vidoti vya ubavuni. Kwenye besi ya freti vidoti hukaa katikati ya nafasi. Kwenye kipara kidole kinatakiwa kikae pale pale ambapo freti ingekuwa, siyo nyuma yake, kwa hiyo vidoti vya maana ni vile vilivyo mahali pa mstari. Kama vimewekwa katikati halafu mstari haupo, jicho litakudanganya kila siku.

Tano, linganisha oktavi. Gusa uzi katikati yake kabisa bila kuubonyeza, utalia kama filimbi. Halafu bonyeza pale pale kwenye mstari wa 12. Vinatakiwa kuwa noti moja. Visipofanana, daraja linahitaji kusogezwa, na kama halisogei, tatizo ni la kwako milele.

Sita, pikapu. Siyo zile za kubebea mchanga, namaanisha zile sumaku chini ya nyuzi. Sikiliza moja moja. Ya nyuma, karibu na daraja, ndiyo inayotoa ile sauti ya kuongea puani, na ndiyo Jaco aliitegemea. Ya mbele ni nene na ya mviringo, kwa taarabu inakaribia zaidi besi la kusimama. Kipara chenye pikapu mbili kinakupa watu wawili.

Saba, nyuzi. Zile za kawaida zilizosokotwa kwa waya wa mviringo ni kama tupa, zinaula ubao. Kaka akanionyesha ubao wake, na ebony ni mti mgumu, lakini una vijinjia kama vya sisimizi. Zile bapa, zilizosokotwa kwa utepe laini, haziuli na zina sauti ya kizee, nzuri. Ndiyo maana ubao wa kipara unatakiwa uwe mgumu. Ebony nyingi ya magitaa inatoka Kameruni. Na hapa nikajisikia vizuri kidogo kama Mtanzania, maana mpingo wetu, mti wa taifa, ule unaotengeneza klarineti na oboe za Ulaya, ni ndugu wa rozwudi na ni mgumu kuliko wengi wa ukoo wao. Ukoo huo wote uliwekwa kwenye orodha ya kudhibitiwa biashara yake kimataifa Januari 2017, ingawa ala zilizokwisha kutengenezwa zilipewa unafuu mwaka 2019. Kwa hiyo mtu akikuuzia ubao wa "mpingo" kwa bei ya mchicha, mwulize maswali.

Jumamosi asubuhi nikarudi Kariakoo. Nikaomba niipige bila kuchomeka. Muuzaji sura ikabadilika kidogo. Nikaipiga kavu. Wadau, ilikuwa inasema kama kabati. Nikatembea noti, uzi wa juu kuanzia mahali pa 5 mpaka pa 7 noti zinakufa kabla hujamaliza kusema moja. Vidoti viko katikati, mistari hakuna. Nikachungulia shingo. Feni.

Nikaomba hela yangu. Tukabishana nusu saa, akanirudishia laki moja, elfu hamsini akasema ni "usumbufu". Sina la kusema, risiti niliyopewa haikuandikwa chochote cha maana. Elfu hamsini, godoro zima la mtoto, imekwenda kwa sababu niliogopa kuchomoa waya mmoja. Nilitoka pale nikanunua maji nikakaa chini kwenye baraza ya duka la vitambaa, na hapo hapo nikamtumia mama zile laki nne kabla sijapata wazo lingine. Simu ikaandika umefanikiwa. Nikapumua. Sasa sina ujanja, nina laki nne na nusu tu.

Kaka wa Msasani ndiye aliyenipa njia. Alisema usitafute kipara, tafuta besi nzuri yenye freti, iliyochoka freti. Freti zikichakaa watu wanaiuza rahisi, na wewe hizo freti huzitaki. Nilikaa kimya kwa jinsi ilivyo akili hiyo.

Nikaipata wiki mbili baadaye, kwa mzee mmoja aliyewahi kupiga dansi. Nyuzi nne, umbo la Jazz Bass, pikapu mbili, haina betri, rangi imebanduka, ubao wa rozwudi. Freti zimeliwa mpaka zina mabonde. Nikaipiga kavu, sikio kwenye pembe. Taya likatetemeka. Shingo imenyooka kama rula. Laki tatu na elfu thelathini.

Fundi yuko Mwenge, jirani na wachonga vinyago, kazi yake ni samani lakini magitaa anayajua. Alipasha kila freti kwa pasi ya kuchomelea, akazing'oa na koleo taratibu, ishirini zote, nimekaa namwangalia kama ndugu wa mgonjwa. Nafasi zilizobaki akazijaza kwa gamba jembamba alilolibandua kwenye plaiwudi, gundi, akakata, akapiga msasa na kibao kirefu kilichonyooka. Ikabaki mistari myeupe myembamba. Akaniambia kwa laki mbili na nusu angeniwekea ubao mzima wa mpingo. Nikacheka kwa uchungu. Elfu sitini yake nikalipa. Nyuzi bapa, seti iliyotumika, kaka akaniuzia elfu arobaini, maana za bapa hazizeeki haraka. Jumla laki nne na elfu thelathini. Nikabaki na elfu ishirini na besi.

Na haikulia! Nilifika nayo room, du, du, du. Nilitaka kuitupa dirishani. Kumbe freti zikiondoka nyuzi zinabaki juu kwa karibu milimita moja. Nikarudi Mwenge, fundi akashusha daraja, kisha akachimba kile kijipande cha mfupa kichwani panapopita nyuzi, mpaka nafasi kati ya uzi na ubao pale juu ikawa unene wa karatasi mbili tu. Kwenye kipara uzi unatakiwa karibu uliguse ubao pale. Akanipa. Mwaaa. Fundi mwenyewe akasema, "Eeh!"

Ndipo ikaanza ile kelele ya usiku mliyoisikia. Mimi nasoma uhandisi, kwa hiyo nikafanya ujinga wa kihandisi. Urefu wa uzi wa besi ni milimita 864. Kwenye uzi wa A, E flati iko milimita 253 kutoka kichwani, E iko 287. Robo toni yangu nikaipigia hesabu, milimita 270. Nikachukua penseli nikaweka alama. Pia nikagundua kwamba ukikosea milimita 5 huku juu karibu na kichwa unapotea senti 10, lakini kosa hilo hilo kwenye oktavi ni senti 20, kwa sababu noti zinazidi kubanana. Nikajiona profesa. Usiku mzima kidole kwenye penseli, mshkaji kavuta shuka mpaka kichwani.

Jumamosi nikaenda kwa Mzee. Tukapiga rasti. Nikatua kwenye penseli yangu. Mzee akaacha kupiga. Akaja, akaiona alama, akacheka mpaka akafuta macho.

"Nani kakwambia iko hapa?"

Nikamwambia ni hesabu.

"Katika rasti yapanda kidogo. Katika bayati yashuka. Na siku mwimbaji ana huzuni, yashuka tena. Utachora alama ngapi?"

Akalowesha kidole mate akaifuta. Akaniambia niweke sikio kwenye fidla, kidole kitafuata. Wiki tatu zilizofuata nilikuwa naondoka chuo Jumanne na Alhamisi baada ya kipindi cha mwisho, yeye anashika noti moja kwenye fidla, mimi naitafuta kwa kuteleza mpaka zile mbili ziache kutetemekeana. Zikipatana unasikia utulivu fulani, kama feni imezimwa. Kuna siku nilipata mara mbili tu kwa saa nzima. Vidole vilitoka malengelenge. Test moja nilipata kumi na moja kwa ishirini, sijivunii.

Bagamoyo tulipiga Jumamosi iliyopita. Uwanja umejaa, kanga, udi wa kufukiza, yule mzee mwenye masikio kakaa kiti cha mbele kabisa na bakora yake. Wimbo wa rasti ulikuwa wa tatu. Tulipofika pale, nilitua chini kidogo, nikaisikia, nikateleza juu, ikakaa. Sijui ilikuwa nusu sekunde. Mara ya pili nikaikuta moja kwa moja. Mara ya nne nikaikosa kabisa, nikarudi C kama zamani, mwimbaji akatabasamu bila kugeuka. Mzee wa bakora hakusema kitu. Hakuondoka pia.

Kwenye gari tukirudi usiku, Mzee wa fidla akanipa elfu thelathini yangu, akasema, "Leo umepanda zote saba. Ya tatu waikanyaga kwa woga, lakini umeikanyaga." Kisha akalala mpaka Tegeta. Hakutaja mpigaji wa kutoka Unguja, na mimi sikuuliza.

Dogo aliripoti shule mwezi uliopita. Mama aliniambia kwenye simu kwamba godoro ni la nchi sita, wenzake wengi wana la nne, na kwamba bwenini kumbe baridi siyo mchezo. Sweta ilibidi ziwe mbili. Sikumwambia habari ya elfu hamsini ya Kariakoo na naomba wenye namba yake mnyamaze.

Kwa wale wa floo yetu: nimehamia kufanyia mazoezi nyuma ya karakana, kuanzia saa kumi na moja jioni. Jamaa wa sheria, mwambie ukuta upumzike. Na mwenye seti ya nyuzi bapa asiyoitumia, za gitaa la nyuzi nne, tuonane, hizi zangu ya G imeanza kuchoka.

Test ya pili Jumatatu, sijafungua daftari. Ngoja nikapige nondo. Tuonane.